Wiki 6 kwenye makazi ya wasanii, nikiwa na kiti mwendo

Natoa nyota 3 kati ya 5.

Mimi ni mchapaji: nachonga mbao, napaka wino, nachapa kwenye karatasi. Natumia kiti mwendo na mikono yangu huchoka upesi. Jumba hili la sanaa huwapa wasanii karakana, malazi na posho kwa wiki 6, kisha maonyesho. Tangazo lilisema wasanii wenye ulemavu wanakaribishwa, na fomu yao ilinipa imani. Uliruhusiwa kujieleza kwa maandishi, kwa sauti iliyorekodiwa au kwa video ya lugha ya alama. Kwa kiziwi aliyekulia katika lugha ya alama, barua ndefu ya maombi humwangusha kabla kazi zake hazijatazamwa. Hapo nawapongeza kwa moyo wote.

Njia ya mteremko mbele ya jengo ilijengwa vizuri, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Lifti inafanya kazi. Maelezo ya nukta nundu yapo ukutani. Nikauliza karakana iko wapi. Iko nyuma, unashuka ngazi 3.

Jengo lilikuwa limejiandaa kumpokea mlemavu anayekuja kutazama sanaa. Anayekuja kuitengeneza hakuwa amefikiriwa. Sinki la kuoshea roli za kupakia wino sikulifikia. Choo kinachoingiza kiti mwendo kilikuwa upande wa wageni, na upande huo hufungwa saa 11 jioni, ilhali sisi tulikuwa tukichapa hadi usiku. Siku 4 za mwanzo nilijinyima maji ya kunywa ili nisihitaji choo. Nalisema wazi kwa sababu najua wengi wetu tumewahi kufanya hivyo kazini na tukanyamaza.

Mchoraji mwenzangu, kiziwi, aliletewa mkalimani usiku wa ufunguzi, wageni wakiwepo. Kwenye vikao vya kuamua kazi zipi zitundikwe, mkalimani hakuwepo. Alikaa akifuata midomo ya watu 5 wanaokatizana, na picha aliyoitaka zaidi ikaachwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unalitaja jambo hili katika ibara ya 30. Hauishii kwenye haki ya kuingia makumbusho na kumbi. Unataka pia tupate nafasi ya kukuza na kutumia vipaji vyetu vya sanaa, kwa faida yetu na ya jamii nzima.

Halafu kuna msaidizi. Bila mtu wa kuzungusha gurudumu la mashine ya kuchapia, mimi sichapi. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji wa 1941 uliomwacha akitumia kiti mwendo, alikata maumbo kwenye karatasi ambazo wasaidizi walizipaka rangi, na kazi zile ni zake. Yinka Shonibare, msanii wa Uingereza mwenye ulemavu, aliyewania tuzo ya sanaa ya Turner Prize mwaka 2004, hufanya kazi na timu ya wasaidizi. Bajeti ya makazi haya haikuwa na fungu la msaidizi, kwa hiyo nilimlipa wangu kutoka kwenye posho. Nililipwa pungufu ya wenzangu kwa kazi ileile, na hili ndilo lililoniuma kuliko ngazi.

Wiki ya pili niliandika kurasa 2 za mahitaji yangu nikawapa. Nakiri walisikiliza. Fundi wao alihamishia mashine kwenye stoo ya ghorofa ya chini, akakata miguu ya meza, akanipa ufunguo wa choo. Siku mbili tu, na gharama ndogo sana! Kwenye maonyesho tulishusha picha zangu, katikati ya kila moja ikawa kama sentimita 125 kutoka sakafuni badala ya 150 waliyoizoea, na mbao nilizochonga tukaziweka mezani zishikwe. Mwanamke mmoja asiyeona alipitisha vidole kwenye ubao mmoja kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini mistari ya pembeni niliichonga kina kifupi. Hakuna mwingine aliyeliona hilo.

Nyota 2 nilizozuia ni za fungu la msaidizi na za mkalimani wa vikaoni. Wakiviweka kwenye bajeti ya msimu ujao, nitaomba tena. Wewe ukikubaliwa, kabla ya kusaini omba upelekwe karakana, ukaone sinki, na uulize choo kinafungwa saa ngapi.