Filamu ya kupigia picha usiku: kabla ya kuuliza kasi, uliza ililala wapi

Usiku wa hina wa binamu yangu, Ngamiani, hapa Tanga, nilipiga mikanda miwili ya Delta 3200, filamu ya Ilford ya nyeusi na nyeupe yenye kasi kubwa, yaani inayoridhika na mwanga kidogo. Taa moja tu, imening'inizwa kwenye turubai. Nilipoisafisha, usiku wenyewe haukuwemo. Weusi wote umekuwa kijivu cha majivu. Nikainua negativu dirishani. Ukingo, pale penye namba, panapotakiwa kupitisha mwanga, umefubaa kama chai ya rangi. Mkanda wa HP5, filamu ya Ilford yenye kasi ndogo kuliko hiyo, uliotoka friji la nyumbani, nikausafisha siku ileile kwa dawa ya aina ileile, ulitoka safi. Basi mkono wangu haukukosea. Ile Delta ilikaa dukani kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la saa nane.

Wauzaji hawakwambii hili: filamu kadiri inavyokuwa na kasi, ndivyo joto linavyoiharibu upesi. Inajipiga ukungu humohumo kwenye boksi, tarehe haijaisha. Na joto la Tanga mnalijua.

Kwa hiyo filamu ya kwanza ya usiku ni Ilford HP5 Plus, na sifichi kwamba naipendelea. Boksi linasema kasi 400. Weka kamera kwenye 1600, kisha ongeza muda wa dawa: kwa ID-11, dawa ya kusafishia ya Ilford, isiyozimuliwa, nyuzi 20, dakika 7 na nusu zinakuwa 14. (Maji ya bomba letu hayazijui nyuzi 20, andaa beseni la barafu.) Chembe zitaonekana, vivuli vitazama, lakini mvuvi aliyekaa kando ya karabai pale Deep Sea, kwenye soko la samaki, utamhesabia matone ya jasho usoni. Na joto inalistahimili kuliko hizo za kasi.

Ya pili ni Delta 3200 yenyewe, sina kinyongo nayo. Ila kasi yake halisi ni kama 1000; hiyo 3200 unaifikia kwa kurefusha dawa. T-Max P3200 ya Kodak, iliyoondolewa sokoni 2012 ikarudi 2018, ni hivyohivyo. Nunua kwa anayeitoa kwenye friji ukiona, halafu uiache saa kadhaa kabla ya kufungua kopo, isije ikatoka jasho.

Ukitaka rangi, CineStill 800T. Ni filamu ya sinema ya Kodak iliyotolewa tabaka jeusi la mgongoni, ndiyo maana taa kali zinavaa duara jekundu. Karabai kumi, maduara kumi. Mkanda wa kwanza unapendeza.

Zile za kasi 200 za bei rahisi ni za mchana.

Nilimrudia muuzaji wa ile Delta na negativu zangu. "Dada, umesafisha vibaya." Nikamwonyesha ule mkanda wa HP5. "Basi joto la Mungu hilo." Kanitoza mara mbili ya bei ya HP5, na feni pekee ya duka kaielekeza kwake. Juzi nimepita: boksi mbili za Delta zilizobaki ziko palepale kabatini, kazibandikia bei mpya.