Lenzi ya milimita 400 na ndege wa manjano asiyetulia

Lenzi hii ya kamera ya milimita 100 hadi 400, ya kuvuta vitu vya mbali, niliinunua mkono wa pili, na wiki tatu za kwanza nilijuta. Picha za mbali zilitoka kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Nilishaanza kuandika tangazo la kuiuza, ndipo wabla wa magnolia alipotua nyuma ya nyumba.

Wabla ni ndege wadogo wanaokula wadudu, na huyu amejaliwa rangi kuliko wenzake wengi. Kifua na tumbo ni manjano kali, yenye michirizi myeusi kama mkufu uliokatika ukamwagikia ubavuni. Dume huvaa kinyago cheusi machoni. Mkia ukiutazama kwa chini ni mweupe wenye ncha nyeusi, utadhani umechovywa kwenye wino. Uzito wake ni gramu nane hivi. Jina lenyewe alilipata kwa bahati tu: Alexander Wilson alimkuta kwenye miti ya magnolia huko Mississippi mwaka 1810, akambandika jina la mti, kumbe ndege alikuwa njiani. Huzaliana kwenye misitu ya misonobari ya kaskazini, hasa Kanada, na wakati wa baridi hushuka Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Husafiri usiku, alfajiri akatua popote penye majani na wadudu. Ukimwona leo, kesho usimtegemee.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Programu ya simu ya Merlin, ya kutambua ndege, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo haina malipo, ilimtaja kwa sauti yake. Mimi huichukulia kama jirani mbea: mara nyingi anajua, ila nenda kahakikishe mwenyewe.

Hapo ndipo lenzi ilipoonyesha udhaifu wake. Fokasi ya kujiendesha, ile inayochagua yenyewe kitu kitakachotoka wazi, ilishika jani la mbele, ikaliachia, ikakimbilia ukuta wa nyuma, ikarudi. Ndege keshahama matawi matatu. Picha 60 za kwanza zilikuwa majani matupu, isipokuwa moja iliyonasa mkia. Dawa yake ilikuwa kubana eneo la fokasi libaki nukta moja ya katikati, na kusogeza ile swichi ya ubavuni inayoizuia lenzi kutafuta chochote kilicho karibu zaidi ya mita 3. Swichi hiyo sikuwa nimewahi kuigusa.

Kinachosifiwa zaidi kwenye lenzi hizi ni kituliza mtikisiko. Ni kweli, mikono yangu inatetemeka na bado tawi hutoka safi. Lakini ndege hakimtulizi. Ilibidi niweke kasi ya shata, pazia la kamera, 1/1600 ya sekunde, na kwa kuwa lenzi ikivutwa mpaka mwisho uwazi wake wa kupitisha mwanga ni mdogo, f/6.3 tu, kivulini nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200. Chembechembe kwenye picha zipo, siwezi kuzificha.

Kilichoniokoa ni chupa ya plastiki. Niliitoboa kwa sindano, nikaijaza maji na kuitundika juu ya beseni idondoke tone moja moja, kisha nikakaa mita 5 kutoka hapo, kamera kwenye stendi. Haikufika saa nzima akashuka mwenyewe. Kwa umbali huo, na kamera yangu yenye kihisi (kile kinachopokea picha) kidogo, anajaza zaidi ya theluthi ya upana wa picha. Kule juu mtini, mita 15, alikuwa doa. Angalieni manjano yake, huungua upesi, yaani mwanga ukizidi kidogo tu hubaki rangi tupu. Mwanzoni kifua kilitoka bapa tupu, hakuna hata unyoya. Nilipopunguza mwanga theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera), michirizi ikarudi.

Katika picha niliyoichagua, tone la maji linaning'inia kwenye ncha ya mdomo wake, na ukiikuza unaliona dirisha langu ndani ya jicho.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya uzito, maana bila stendi dakika ishirini zinatosha mkono wa kushoto kuanza kulalamika, na pia kwa sababu ukiinamisha kamera lenzi hujirefusha yenyewe. Tangazo nimelifuta. Chupa bado inadondosha. Jana waliokuja kuoga ni shomoro watupu.