Banda la mpira Kondele: nililipa kiingilio mara mbili kwa mechi moja

Jina la banda silitaji, kwa sababu mwenyewe ni mzee ninayemheshimu na bado naenda kwake. Liko Kondele, Kisumu, upande wa kuelekea Manyatta. Kiingilio cha mechi za usiku za Ulaya ni shilingi 50. Runinga ni mbili, benchi ni za mbao zisizo na pa kuegemea, na kuna nguzo moja katikati ambayo ukiketi nyuma yake utaona nusu ya uwanja tu. Fika mapema.

Kinachonirudisha kwake ni dishi. Banda la jirani huonyesha mpira kwa intaneti, kwa hiyo huchelewa karibu nusu dakika. Sisi tukishangilia, wale wenzetu wanajua bao linakuja hata kabla mpira haujapigwa. Nusu dakika hiyo ndiyo iliyoniumbua Alhamisi ya tarehe 17 Aprili 2025.

Man United yetu dhidi ya Lyon ya Ufaransa, robo fainali ya Europa, nyumbani kwetu Old Trafford. Mkondo wa kwanza ulikuwa 2-2. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, watu hawana kazi ya kuamkia, banda lilijaa hadi mlangoni. Mashabiki wa Arsenal nao walikuja, si kwa mechi bali kwa kelele: usiku uliotangulia walikuwa wameitoa Real Madrid pale pale Madrid. Mmoja aliketi nyuma yangu akitafuna njugu na kunihesabia nafasi yetu kwenye ligi.

Tukaenda mapumziko tukiongoza 2-0, Ugarte na Dalot. Kisha mvua ikashuka juu ya mabati na mtangazaji akawa anafungua mdomo tu. Mzee hana spika za maana, hapo namkata alama. Katika ukimya ule wa ajabu tukawaona Tolisso na Tagliafico wa Lyon wakisawazisha, halafu Tolisso huyo huyo akala kadi nyekundu. Nikajua tumepona. Watu kumi! Jumla ikawa 4-4, tukaingia nusu saa ya ziada, na Cherki wao akafunga. Lacazette akaongeza kwa penalti, dakika ya 109. Nne kwa mbili, na wao ni kumi.

Nikaondoka. Sitajitetea. Yule wa njugu alinisindikiza kwa wimbo.

Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Mwenye boda alinitajia bei mara mbili ya ile ya mchana, nikawa nabishana naye kati ya mabanda yale mawili, ndipo kwa mzee kukalipuka. Kwa jirani, kimya. Nikakimbilia ufa wa mabati wa jirani na kuchungulia: Bruno wetu ndiyo kwanza anauweka mpira kwenye alama ya penalti. Nilikuwa mtu pekee pale ufani aliyejua kwamba inaingia. Ikaingia, 4-3. Nikabaki pale, shati limelowa, nikijiambia ni ya kufutia machozi tu.

Dakika ya 120 kwa mzee kukalipuka tena, safari hii hadi mbwa wakabweka. Sikungoja kuona ya jirani. Nikafika mlangoni mbio.

"Mzee, nimetoka sasa hivi tu, unanijua."

"Nakujua sana, kijana wangu. Soma hapo."

Pale pana kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nene: UKITOKA UMETOKA. Nikampa noti ya 100. Akaipokea, akapapasa mifuko pole pole kama mtu anayetafuta funguo za jana, akasema chenji hana. Nikapita chini ya mkono wake.

Mainoo alikuwa ameshasawazisha. Nilichokiona kwa macho yangu ni krosi ya Casemiro na kichwa cha Maguire, beki aliyekuwa amepelekwa mbele kama mshambuliaji. 5-4, jumla 7-6. Benchi la mbele lilipinduka na waliokuwa juu yake. Mtu nisiyemjua alinibeba. Nilipogeuka kumtafuta yule wa njugu, nilikuta maganda tu.

Sasa, huduma. Picha haikukatika hata mara moja licha ya mvua, na jenereta ipo stima ikipotea. Choo usikiulize. Sheria ya mlango niliiona ya kikatili usiku ule, lakini bila hiyo nusu ya banda wangekuwa wanaingia na kutoka mbele ya runinga. Ningeomba tu mzee awe na chenji.

Ile 50 alinirudishia tarehe 21 Mei kwa kuniingiza bure kwenye fainali ya Bilbao. Tottenham wakatufunga 1-0. Nilikaa hadi filimbi ya mwisho, nyuma ya nguzo.