Nilidhani kanda imevutika

"Kijana, kanda ni nzima. Masikio yako ndiyo yamevutika." Hivyo ndivyo muuza kaseti alivyonijibu mbele ya wateja wake, nao wakaangua kicheko. Nikarudi nyumbani na kaseti yangu mkononi, nikaitumbukiza kwenye boksi. Kwa miaka mingi, kila nilipolisikia jina la mpiga gitaa Jeff Beck nilikumbuka kicheko kile kabla sijakumbuka gitaa.

Albamu yenyewe ni Jeff Beck's Guitar Shop, ya mwaka 1989. Nyimbo tisa, hakuna anayeimba, ila maneno machache tu yanayosemwa hapa na pale. Niliinunua kwa pesa niliyodunduliza. Nyimbo nne za mwanzo niliziafiki, hasa Big Block, nzito na ya pole pole, ambayo niliirudisha nyuma mara nyingi mpaka nikawa naogopa redio itakula kanda. Kisha ukaja wimbo wa tano, Where Were You, unaofunga upande wa kwanza. Sauti ikapanda, ikashuka, ikayumba, ikawa inateleza katikati ya noti mahali ambapo hakuna noti. Nikasema basi, utepe umevutika. Nikaitoa kanda, nikaikaza kwa kalamu, nikasafisha kichwa cha redio kwa spiriti. Yaleyale. Ndipo nikamrudia yule bwana, kwa adabu kabisa, nikaambulia jibu lile. Upande wa pili sikuusikiliza hata mara moja.

Beck alipofariki Januari 2023 watu wakaanza kutajiana nyimbo zake. Wengi walitaja albamu ya Blow by Blow ya 1975, ile aliyoisimamia George Martin, mtayarishaji wa Beatles. Ya kwangu ya kwenye boksi ilitajwa na wachache mno, ingawa iliwahi kushinda Grammy. Usiku mmoja nikavaa hedifoni, nikaitafuta, nikaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa tano.

Haikuwa kanda. Ni mkono wake. Beck hakupiga kwa kipande cha plastiki, alitumia vidole vitupu. Katika wimbo huu anaugusa uzi juu juu tu ili utoe ile sauti nyembamba ya kengele, kisha anaitafuta melodi kwa kuubonyeza na kuuvuta ule mkono wa chuma uliofungwa kwenye gitaa. Yaani noti inazaliwa mahali pamoja na yeye anaibeba hadi mahali pengine ikiwa bado inalia. Wimbo ulichochewa na kwaya za wanawake wa Bulgaria, na ukishalijua hilo huwezi tena kusikia gitaa: ni mtu anayeita. Nililia. Sioni aibu kusema.

Na hapo ndipo hasira iliponirudia upya, kubwa kuliko ya kwanza. Kwa sababu nyuma ya gitaa kuna kinanda cha Tony Hymas, na kinanda kile kimetulia tuli. Kanda ikivutika huvuta kila kitu, haichagui. Yule bwana alikuwa na maisha mazima ndani ya kaseti. Angeniambia neno moja tu, "sikiliza kinanda", ningeelewa papo hapo na ningeenda nyumbani na hazina. Yeye akachagua kunidhalilisha. Muuza muziki anayemcheka kijana aliyesikia jambo geni afanye biashara nyingine.

Nirudi kwenye albamu. Si kamilifu. Hakuna mpiga besi, Hymas anaijaza nafasi hiyo kwa kinanda, na kuna sehemu chini panabaki pakavu. Dramu za Terry Bozzio, fundi aliyepita kwenye bendi ya mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa, zimerekodiwa kwa ule mlio mkubwa wa miaka ya themanini ambao leo unachosha. Day in the House na maneno yake naruka kila mara. Ningesema ni albamu nzuri yenye wimbo mmoja mkubwa. Nilikuwa nimeshaamua hivyo kabisa, kisha nikafika Two Rivers, wa nane, ule upande ambao sikuwahi kuugeuza, na nimeufuta uamuzi huo. Gitaa pale linasema taratibu kama mtu asiye na haraka ya kuaminiwa. Inunueni. Isikilizeni kwa mpangilio wake, na baada ya wimbo wa tano zimeni kidogo, maana kwenye kaseti palikuwa na kimya hadi uinuke ugeuze, na wimbo ule unakihitaji kimya hicho.

Wiki iliyopita nimelitafuta boksi. Kaseti ipo. Nikaazima redio, nikaiweka. Safari hii utepe umevutika kweli: tangu wimbo wa kwanza dramu zinayumba, kinanda kinayumba, kila kitu kinalewa. Nikangoja hadi wa tano. Kinanda kikatetemeka vibaya. Gitaa lilikuwa lile lile nililolisikia siku ile nikiwa kijana.