OpenWrt yenye SQM kwa simu za sauti na video: uzoefu wangu

Niliweka OpenWrt (mfumo huria wa kuendesha ruta) na SQM (programu yake ya kusimamia foleni za data) kwenye ruta kwa kazi moja: simu ya video isikwame pale mtu mwingine ndani ya nyumba anapopakia faili kubwa. Upande wa laini ya intaneti naipa alama zote. Upande wa Wi-Fi inasaidia sana, lakini kuna kazi ambayo lazima uifanye kwa mkono wako.

Ugonjwa wenyewe ni foleni. Simu ya sauti ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kbps 87 tu, kwa hiyo hata laini ndogo inaitosha. Lakini modemu ikiwa na bafa (hifadhi ya data inayosubiri kutumwa) ya megabaiti 1 na kasi ya kupakia ni Mbps 5, bafa hiyo ikijaa, pakiti ya sauti (kipande cha data) inayofika nyuma inasubiri sekunde 1.6. CAKE, kanuni ya foleni inayotumiwa na SQM, inatenga foleni kwa kila mtiririko, hivyo pakiti ndogo ya sauti inapenya kama bodaboda pembeni ya malori.

Pima kabla hujagusa chochote. Chomeka kompyuta kwa waya wa LAN, andika ping 8.8.8.8 (amri inayopima muda wa kwenda na kurudi hadi seva ya Google) uiache iende, kisha upakie faili kubwa kutoka kifaa kingine. Kwangu milisekunde (ms) 14 zilipanda hadi zaidi ya 400. Usipime kwa Wi-Fi, maana hutajua foleni iko kwenye modemu au hewani.

Sakinisha luci-app-sqm, ingia Network, kisha SQM QoS. Chagua kiolesura kinachotoka nje (wan, au pppoe-wan kama laini yako inaingia kwa jina na nenosiri la PPPoE), cake, na piece_of_cake.qos. Kasi inaandikwa kwa kbit/s, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Weka asilimia 85 hadi 95 ya kasi uliyoipima saa za msongamano, siyo ile ya kwenye tangazo. Ukiandika 20000 kwenye laini inayotoa 18000, foleni inabaki kwenye modemu na CAKE haina inachokitawala. Kwenye Link Layer Adaptation, panapohesabiwa baiti za ziada zinazoongezwa kwa kila pakiti kwenye laini, mimi huweka Ethernet na baiti 44. Kuzidisha kidogo hakudhuru, kupunguza ndiko kunakoharibu hesabu.

Zima hardware flow offloading, la sivyo pakiti zinapita njia ya mkato bila kuonwa na CAKE. Angalia pia prosesa: fungua top (amri inayoonyesha kazi za prosesa) wakati laini imejaa, na ukiona sirq, yaani muda wa prosesa unaotumika kushughulikia pakiti, inakaribia 100%, ruta yako imeishiwa nguvu. Shusha kasi uliyoandika au tafuta ruta yenye prosesa kubwa zaidi. Kwa laini ya 4G namba moja haifai, kwa kuwa kasi inapanda na kushuka siku nzima. Skripti ya cake-autorate inapima ucheleweshaji na kurekebisha kasi yenyewe.

Sasa hewani. Redio ni ya wote, anayetuma ni mmoja kwa zamu. Pakiti ya baiti 1500 kwa Mbps 1 inakaa hewani ms 12. Kwa Mbps 54 ni ms 0.22. Simu moja iliyo chumba cha mwisho inawachelewesha wote. Draiva (programu zinazoendesha chipu ya Wi-Fi) za ath9k, ath10k na mt76 zinagawa muda wa hewani kwa haki, kwa hiyo ulizia chipu kabla ya kununua ruta. Hakikisha kasi za zamani za 802.11b zimezimwa. Kwenye 2.4 GHz baki na upana wa MHz 20, chaneli 1, 6 au 11, na vifaa vya mikutano vihamishie 5 GHz.

Kuhusu kipaumbele, watu wanategemea mno alama za DSCP, namba inayoandikwa kwenye pakiti kuonyesha umuhimu wake. Alama ya EF, inayotumika kwa sauti, ni 46, yaani 101110 kwa biti. Kifaa kinachosoma biti tatu za kwanza kinapata 5, ambalo ni kundi la video la WMM (mfumo wa vipaumbele vya Wi-Fi), siyo la sauti. RFC 8325, mwongozo wa kiufundi wa mwaka 2018, inashauri iwe 6, na ramani ya QoS ya OpenWrt inapeleka 44 hadi 46 huko. Hata hivyo usiweke kila kitu kwenye kundi la sauti. Dirisha lake la kusubiri zamu ya kutuma, likihesabiwa kwa vipande vya muda, ni kati ya 3 na 7 tu, wakati trafiki ya kawaida huanzia 15 na inaweza kufika 1023. Vifaa vingi vikiingia humo vinagongana, vinarudia kutuma, na sauti inakatika kuliko mwanzo. Isitoshe, alama nyingi hufutwa njiani kabla hazijakufikia.

Baada ya yote hayo, ping kwa waya haivuki ms 25 laini ikiwa imejaa. Kwa Wi-Fi bado inaruka pale jirani anapojaza chaneli ileile, na SQM haiwezi kumzuia jirani. Kwa mkutano usiotakiwa kukatika navuta waya wa LAN hadi mezani.