Mrija wa kutolea gesi kwenye utumbo uliojisokota: unafaa, ila una mipaka

Utumbo mpana ukijisokota kwenye sigmoidi (sehemu yake iliyojipinda, karibu na njia ya haja kubwa), mrija laini unaopitishwa ndani ya sigmoidoskopu ngumu (bomba la kuchungulia utumbo kupitia njia ya haja kubwa) ya sentimita 25 bado ni kifaa rahisi chenye kazi kubwa. Ukivuka msokoto, gesi na kinyesi chepesi hufoka kwa kishindo (kaa pembeni!) na tumbo hunywea papo hapo. Ubandikwe pajani kwa plasta, ukae siku 1 hadi 3. Ukichomoka mapema, tumbo hujaa tena.

Kasoro yake ni kwamba hauondoi chanzo. Upasuaji wa kukata sehemu hiyo upangwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Msokoto wa sekamu (mwanzo wa utumbo mpana), ambao ni adimu zaidi, mrija hauufikii: fanya kipimo cha CT (picha za eksirei za kompyuta), kisha upasuaji. Tumbo likiwa gumu kama ubao, au ukuta wa ndani wa utumbo ukionekana mweusi, usijaribu mrija kabisa.