NTSYNC: kipande cha Windows ndani ya kiini cha Linux

Nacheza magemu ya Windows kwenye Linux kupitia Wine, programu inayoziwezesha programu za Windows kufanya kazi humo, na kwa miaka mingi nilipinga kabisa kuingiza mambo ya magemu ndani ya kiini (kernel) cha mfumo endeshi. Kosa la programu huiangusha programu. Kosa la kiini huiangusha mashine nzima. Microsoft walipotaka kasi, mwaka 1996, walihamishia uchoraji na madirisha ndani ya kiini cha Windows NT 4.0. Walipofika Vista, sehemu kubwa ya draiva ya picha ikarudishwa nje. Basi NTSYNC, moduli ya kiini inayoiga namna sehemu za programu za Windows zinavyosubiriana, kazi ya Elizabeth Figura wa CodeWeavers (kampuni inayochangia Wine), ilipokamilika katika Linux 6.14, Machi 2025, niliiwasha kwa mashaka.

Mashaka yameniisha.

Gemu la leo lina nyuzi nyingi (threads), yaani kazi zinazokwenda sambamba: mmoja unapakia ramani, mwingine unachanganya sauti, mwingine unapiga hesabu za migongano, na muda wote zinasubiriana. Kwenye Windows, uzi unaweza kusubiri hadi vitu 64 vya kuratibu (kama kufuli na ishara) kwa mpigo na kuvichukua vyote, au usichukue hata kimoja. Wine ilikuwa inapeleka kila ombi la namna hiyo kwa wineserver, programu moja inayohudumia kwa zamu, na foleni hiyo ndiyo iliyokuwa inakula kasi. Esync na fsync, mbinu za awali za kuikwepa wineserver, ziliipunguza, ila kule kuchukua vyote kwa pamoja ziliweza kukuiga tu, si kukutenda sawasawa, kwa kuwa zinafanya kazi zikiwa nje ya kiini. Tena kwa esync kila kitu kinachosubiriwa huhesabiwa kama faili lililo wazi. Gemu langu moja la mbio za magari lilikuwa linamaliza kikomo cha mafaili na kuganda kabla sijaiona barabara.

Sasa linaingia barabarani kila mara. Kuhusu kasi, Dirt 3 ilipimwa ikapanda kutoka fremu 110 hadi 860 kwa sekunde, lakini hapo ilikuwa inalinganishwa na wineserver peke yake. Mimi nilitokea fsync, na fremu zangu zimebaki karibu zilezile. Kilichopungua ni ule mkwamo mdogo wa kwenye kona.

Ninachokipenda zaidi ni udogo wake. Kilichoingia kwenye kiini ni semafo (kihesabu cha ruhusa), myuteksi (kufuli la uzi mmoja) na matukio (ishara za kuamsha nyuzi), basi, vyote kupitia faili la kifaa /dev/ntsync. Uchoraji umebaki nje, na sauti vilevile. Mpaka huo ubaki hapo hapo. Siku mtu akitaka kuongeza uchoraji, nitarudi kupinga.

Kasoro niliyokutana nayo ni kwamba mfumo wangu haukuipakia moduli wenyewe, na gemu halikusema chochote. Nilicheza jioni nzima nikiisifu NTSYNC kumbe natumia fsync. Kabla ya kufungua gemu, angalia kama /dev/ntsync ipo. Isipokuwepo, andika modprobe ntsync ukiwa na mamlaka ya msimamizi.